Uzee wa Ng'ambo ya Pili
Tangu Aprili 2016, Mzanzibari aliyetimiza miaka 70 hupokea pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alikokota nyavu maisha yake yote. Tanzania Bara, mkulima wa rika lake ana Sera ya Taifa ya Wazee, ya tangu 2003. Sera nzuri, ila muuza unga haipokei. Tutaambiwa Bara ni kubwa, fedha hazitoshi. Mbona Visiwani wanalipa kwa bajeti yao wenyewe, na dhahabu ya Geita hawana? Tutaambiwa ipo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ndiyo, kwa kaya maskini, si kwa uzee wenyewe. Basi mzee wa Unguja anasubiri siku ya malipo. Wa Bagamoyo, ng'ambo tu hapo, anasubiri simu ya mwanawe.