Uainishaji wa Majitu Mekundu kwa Kigezo cha Kutetemeka

Fasili. Jitu jekundu ni nyota iliyomaliza hidrojeni ya kiini chake, ikavimba, ikapoa usoni na kuanza kuogopwa. Aldebaran na Arcturus ni za ukoo huo.

Njia ya utafiti. Kumjua mtu wa ukoo huu kwa sura ni kazi bure, maana wote ni wekundu na wote ni wanene. Wataalamu huangalia jinsi jitu linavyotetemeka. Gesi inayotokota chini ya uso huzusha mawimbi ya sauti, na mng'ao hupanda na kushuka kidogo sana kwa mizunguko ya saa au siku kadhaa. Jua letu, lenye papara, hutumia dakika 5 hivi. Baadhi ya mawimbi hayo huungana na mengine ya kiini, yanayoendeshwa na nguvu ya kuelea, na hivyo habari za ndani huvuja hadi nje. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilizikusanya kwa miaka minne ikikodolea eneo moja la anga. Jamii zilizopatikana ni hizi:

1. Wachoma Ganda. Kiini kimejaa heli isiyowaka. Hidrojeni huungua pembeni yake. Alama: vipindi vya mitetemo vinavyofuatana hupishana kwa sekunde 50 hivi.

2. Wachoma Heli. Kiini kimewaka upya. Alama: sekunde 100 hadi 300. Hadi Tim Bedding na wenzake walipotangaza kipimo hiki mwaka 2011, jitu la jamii hii na la jamii ya kwanza yaliweza kuwa na rangi moja na mng'ao mmoja, yakapewa cheo kimoja bila haki.

3. Wanafiki. Uso hujikokota, kiini kinakimbia. Mwaka 2012 Paul Beck na wenzake walionyesha viini vinavyozunguka angalau mara 10 zaidi ya uso. Ajabu ni kwamba nadharia ilitarajia unafiki mkubwa kuliko huo: kiini kikisinyaa hupaswa kuongeza kasi zaidi, lakini kuna kitu kinakipunguzia mwendo. (Jamii hii inaingiliana na mbili za kwanza. Mwainishaji anajua, na hataki kuulizwa.)

4. Mabubu. Baadhi ya mitetemo yao ni hafifu mno. Mwaka 2015 Jim Fuller na wenzake walieleza kwamba usumaku mkali wa kiini unaweza kuyanasa mawimbi yasirudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

5. Watarajiwa. Hapa kuna Jua. Limeomba nafasi katika jamii ya kwanza, likajibiwa lisubiri miaka bilioni 5 hivi. Limeshauriwa pia lisihangaike na uso, kwani kamati hukagua kiini.