Sifa za Faili Lisilosomwa

Wenye kusifu wameshasifu vya kutosha: maharusi, mabasi, wanasiasa, hata biriani ya jirani. Leo naomba zamu nilisifu faili moja la maandishi matupu, lisilo rangi wala picha, linalokaa kimya kwenye mashine za mfumo endeshi wa FreeBSD, ndani ya saraka ya /usr/ports. Jina lake UPDATING, na kazi yake ni kukuonya juu ya mabadiliko ya programu kabla hujazisasisha. Jina hilo limeandikwa kwa herufi kubwa kama lile tangazo la ukutani, USIKOJOE HAPA, na utii linaoupata ni uleule.

Nianze na sura. Kila ingizo linafunguliwa na tarehe ya tarakimu nane zilizobanana, mwaka, mwezi na siku. Chini yake neno AFFECTS, kukueleza jambo linamgusa nani, kisha AUTHOR na anwani ya aliyeandika, halafu maelezo. Salamu hakuna, wala "mteja wetu mpendwa". Ni kama fundi aliyebomoa ukuta wako akakuachia karatasi mlangoni kabla hujaamka: nimebomoa hapa, wewe pita kule, amri ya kuandika ni hii, na mimi ni fulani. Fundi gani mwingine umewahi kumwona akifanya hivyo? Wangu wa mabomba hata simu hapokei.

Programu za simuni nazo wiki nenda wiki rudi zina ujumbe mmoja: tumerekebisha hitilafu na kuboresha huduma. Hitilafu ipi? Iliyomkuta nani? Mchuzi una rangi, nyama huioni.

Subira ya ukoo huu wa maandishi nayo isisahaulike. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ilitangaza katika maelezo ya toleo la 8.2, Februari 2020, kwamba sahihi za ssh-rsa zinazotegemea SHA-1 zitakuja kuzimwa. Zikazimwa katika toleo la 8.8, Septemba 2021. Miezi kumi na tisa mwenye nyumba anasema atabadilisha kitasa. Siku ya kukibadilisha, wapangaji wanajaa barazani na funguo zao za zamani, wakiapa kwamba hawakuambiwa.

Lakini sifa yake kubwa ni kwamba halimlazimishi mtu. Linakuacha uende. Mimi liliniacha niende usiku mmoja, nikiwa na vifurushi vingi vya kusasisha (si vya bando, vya programu), seva ikiwa ya ofisi ya watu. Nikaandika amri ya kusasisha, pkg upgrade. Orodha ikashuka, ndefu, nikaulizwa kama naendelea, nikabonyeza y kama anayefukuza nzi. Ndani ya orodha ile ilikuwamo programu ya hifadhidata, PostgreSQL, ikiruka kutoka toleo kuu moja hadi jingine.

Aliyeishi na PostgreSQL anajua kilichofuata. Data zilizoandikwa na toleo kuu la zamani, toleo jipya halizisomi. Ama uzitoe kwa pg_dump seva ya zamani ikiwa bado hai, ama uzihamishe kwa pg_upgrade, nayo inazitaka programu za matoleo yote mawili. La zamani nilikuwa nimeshaliondoa, kwa kidole changu mwenyewe. Seva mpya ikagoma kuwaka. Saa nane za usiku, na ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Asiyesikia la mkuu mnajua kinachomvunjika. Nikalifungua faili. Halikunisimanga, mama mzazi angenisimanga. Jambo lilikuwapo pale, na amri zake, zimepangwa kwa utulivu kama vyombo kabatini. Kila hatua niliyoihitaji ilikuwa imeandikwa, ila ya kwanza ilianza na neno "kabla". Ikabidi nilisake toleo la zamani, nilirudishe, nizitoe data, ndipo nianze upya. Kulipokucha nilikuwa nalipenda faili lile kuliko baadhi ya jamaa zangu.

Wavivu wenzangu, si lazima mlisome lote. Ipo amri iitwayo pkg updating: inalipitia kwa niaba yako na kutoa yale tu yanayogusa vifurushi ulivyo navyo, na ukiongeza -d na tarehe, inakuonyesha ya tangu siku hiyo peke yake. Niliijaribu usiku uleule, nikiwa nimeshachelewa. Ilitoa ingizo moja.