Waziri wa Windows 7

Mkutanoni usikohoe. Ukikohoa umepewa kazi.

Tuko sita tunaoandika programu huria ya kuhesabia mali ya duka. Hatulipwi hata senti. Mmoja yuko Ujerumani, mmoja Brazil, mmoja Nairobi, wawili sijui wako wapi maana hawajawahi kuwasha kamera, na mimi niko Dar. Tunakutana usiku, watoto wakishalala. Siku moja Mjerumani akauliza kama kuna mtu anayejua pa kupata kompyuta ya Windows 7 ya kujaribia programu. Nikakohoa. Nikasema mjomba wangu anayo. Tangu usiku ule mimi ndiye Waziri wa Windows 7. Wizara yangu haina bajeti wala gari. Ina malalamiko tu.

Mjomba anauza misumari, nondo, mabati na saruji kule Buguruni. Kompyuta yake imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi, na chini ya kitambaa kuna saruji ya kutosha kusakafia choo. Ndani yake mna Windows 7, mfumo uliotoka tarehe 22 Oktoba 2009, na ambao waliouunda wenyewe waliacha kuuhudumia kwa wote tarehe 14 Januari 2020. Mjomba hakupata taarifa ya msiba.

Ukimuuliza kwa nini habadilishi, anakuonyesha printa. Ni ile ya pini, inayolia kama cherehani iliyochokozwa. Inapiga karatasi za nakala tatu kwa mpigo: nyeupe ya mteja, ya pinki ya dereva wa kirikuu, ya njano inabaki dukani. Draiva yake ilikuja kwenye CD, na inaelewana na mifumo ya zamani tu. Niliwahi kumshauri anunue printa ya kisasa ya wino.

"Hiyo inayonyunyiza," akaniuliza, "itagonga mpaka karatasi ya tatu?"

Haigongi. Nikanyamaza.

Sasa tukatoa toleo jipya la programu. Kesho yake saa moja asubuhi, simu.

"Mjomba, kitu chako kimegoma."

Kwetu mjomba humwita mpwa wake mjomba, lakini siku ile lilisikika kama shtaka. Nikapanda bodaboda hadi Buguruni. Kwenye kioo kuna kisanduku chenye msalaba mwekundu: programu inatafuta GetSystemTimePreciseAsFileTime ndani ya KERNEL32.dll, haimuoni.

"Huyo ni nani?" akauliza mjomba.

Si mtu, mjomba. Ni mlango ambao programu hubisha hodi kuuliza saa ngapi, ikajibiwa kwa usahihi unaopita hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mlango huo ulijengwa kwenye Windows 8. Windows 7 ina kaka yake mkubwa, asiye na neno Precise katikati ya jina, ambaye saa yake huweza kuchelewa kiasi cha sehemu 16 kati ya 1,000 za sekunde. Na sisi wenyewe wala hatukumuita huyo mdogo! Aliitwa na maktaba moja ya msimbo tunayoiazima kwa watu. Windows nayo, ikikosa jina moja tu katika orodha ya majina ambayo programu inayadai, haiifungui kabisa. Ni kama kuahirisha harusi nzima kwa sababu shangazi mmoja hayumo kwenye orodha ya mlangoni.

Halafu mfikirie mwenyewe anayedaiwa sekunde hizo. Mjomba ni mtu wa kukwambia "nimeshafika Tazara" huku unasikia kabisa anawauliza watoto kandambili zake ziko wapi. Saruji yake ya "kesho asubuhi" huletwa keshokutwa baada ya alasiri. Leo duka lake limefungwa kwa kukosa sehemu ya milioni ya sekunde.

Nikalipeleka shauri kwa wenzangu. Mjerumani, mtu mstaarabu sana, akasema kwa upole kwamba wakati umefika wa kuiacha Windows 7. Akataja walioiacha: Python tangu toleo la 3.9 mwaka 2020. Chrome, ambayo toleo lake la mwisho kwa Windows 7 ni la 109. Go mwaka 2023. Rust mwaka 2024. "Sisi ni nani?" akauliza. Wa Nairobi akakumbusha WannaCry, virusi vya Mei 2017, akasema mashine ile ni bomu. Nikamjibu kwamba haina intaneti. Virusi vyake vinaingia kwa flashi, vimekaribishwa na kupewa kiti. Wa Brazil akasema basi mzee anunue mpya. Inunuliwe ipi? Windows 10 nayo iliagwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, kitu ambacho kompyuta ya mjomba haijakisikia hata kwenye uvumi. Wale wawili wasio na kamera hawakusema kitu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chetu mabaharia wawili walikuwa wamelala.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayemfukuza mjomba. Mwenye lugha ya programu anasogea hatua moja nyuma, kwa adabu, na tangazo la mstari mmoja. Mwenye maktaba anasogea kwa kuwa mwenye lugha amesogea. Sisi tunasogea kwa kuwa maktaba imesogea. Mwisho mzee anajikuta amebaki uwanjani peke yake na printa yake, na ukiuliza nani aliyemwacha, kila mtu anaonyesha wa mbele yake.

Lakini nisiwaonee wenzangu. Kubeba mfumo wa zamani maana yake ni kuandika "kama ni kijana pita huku, kama ni mzee pita kule" katika kila kona, kisha kila toleo jipya likitoka, mtu aipite ile njia ya wazee kwa miguu aone kama daraja bado lipo. Mtu huyo hutumia Jumamosi yake. Saa mbili nzima tulibishana kuhusu Windows 7, kumbe swali lilikuwa moja: Jumamosi ya nani?

Nikakohoa mara ya pili. "Yangu," nikasema. Wakakubali upesi mno: mwaka mmoja zaidi.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari kumi na mmoja. Programu iulize kwanza kama mdogo mtu yupo. Kama hayupo, imuamshe kaka. Mistari kumi na mmoja, usiku tatu, maana maktaba si yetu, ikabidi niichukue nakala yake na kuichokonoa. Jumamosi nikaenda Buguruni na flashi. Programu ikafunguka. Mjomba akapiga risiti ya kwanza, misumari ya inchi nne kilo mbili na mfuko mmoja wa saruji, cherehani ikalia, nakala tatu zikatoka.

Nikaishika ile nyeupe kwa fahari. Juu imeandikwa: 1 Januari 2009.

Mjomba akaichukua, akaikata tarehe kwa kalamu, akaandika ya leo kwa mkono wake.

"Betri ya saa ilikufa zamani," akasema. "Umeme ukikatika, inarudi hapo."

"Mjomba! Mbona hukuniambia?"

"Kwani ulikuja kutengeneza saa?"

Nikanunua betri, kile kidude cha mviringo kama shilingi, nikamwachia aiweke jioni akishafunga duka. Wiki iliyofuata niliikuta kwenye rimoti ya gari lake.

Wenzangu wakauliza majaribio yamekwendaje. Nikawaandikia kwamba yamepita, programu inafanya kazi, na kwamba kwa kalenda ya duka la mjomba Windows 7 inatarajiwa kutoka Oktoba. Wizara yangu bado haijaundwa.