Pongezi kwa Sayansi Inayofundishika Bila Kuguswa

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Yah: MAFUNZO KAZINI YA WALIMU WA SAYANSI

 Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba asidi ukiizimua kwa maji, mkolezo wake unashuka, na ukiendelea kuizimua utabaki na maji ya kuoshea vyombo. Wizara imegundua kwamba maarifa hayana tabia hiyo. Mada mpya ikitua, wakufunzi wa taifa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa huwafundisha wa halmashauri, wa halmashauri huwaita wawakilishi wa shule, na mwakilishi akirudi huwasimulia wenzake ofisini wakisubiri chai. Tuseme kila ngazi inabakiza nusu ya ilichopokea (nusu hiyo nimeipanga kwa ukarimu). Mwalimu wa mwisho anapata sehemu 1 kati ya 16. Semina ya siku 5, saa 8 kwa siku, inamfikia ikiwa saa mbili na nusu, tena bila vitafunwa. Kwa ugunduzi wa namna hii nchi nyingine zingeomba hataza. Sisi, kwa unyenyekevu wetu, tunaomba bajeti ya semina nyingine.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo halikubali kushuka ngazi. Mwalimu wa kemia anayepima asidi dhidi ya alkali ana bureti mbele yake, chini yake chupa yenye alkali na matone mawili ya methili oranji, rangi ya njano. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unaizungusha chupa bila kusimama. Mwanzoni asidi inamiminika bila wasiwasi. Kisha njano inaanza kusitasita pale tone linapoangukia, na hapo koki lazima ibanwe hadi tone moja moja, mpaka rangi igeuke ya chungwa na ibaki hivyo. Tone likizidi, chupa yote inakuwa nyekundu na kazi inaanza upya. Kisha anasoma kipimo, jicho likiwa usawa wa maji, kwenye kitako cha mbonyeo; aliyesimama wima akachungulia kutoka juu anaandika namba isiyo yake. Hayo yote yanaingia kwenye slaidi moja, na hakuna hata moja kati yake linaloingia mkononi kwa slaidi. Mkono hujifunza kwa kukosea mbele ya mtu anayejua, akakushika kiwiko na kusema, “Punguza.” Wamarekani Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza tangu miaka ya 1980 kwamba nadharia na maonyesho ya semina hufika darasani kwa shida sana pasipo mtu wa kumfuata mwalimu kazini kwake na kumwelekeza. Pengine Wizara haikuwa na haja ya kuwasoma. Fundi gereji yeyote mwenye mwanafunzi angewaambia hivyohivyo.

Historia yetu inaonyesha kwamba tunapenda zaidi vitu vinavyoonekana kutoka barabarani. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi baada ya 2004, tulijaza madarasa kwa walimu wa mafunzo ya wiki chache, wananchi wakawabatiza Voda Fasta kwa haraka waliyopikwa nayo, na jina hilo lilieleza sera kuliko waraka wowote. Mwaka 2014 ikawa zamu ya maabara: tatu kwa kila shule ya kata, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, wazazi wakichangishwa na viongozi wakihesabu lenta. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 wanafunzi wake zaidi ya 7,000 wakaamriwa kuondoka, baadhi yao baadaye wakapelekwa vyuo vya ualimu. Siyadharau majengo. Ila ukuta haumfundishi mtu kubana koki, na maabara isiyo na fundi sanifu wa kuandaa miyeyusho ni chumba chenye sinki tu. Na tusisahau kwamba kuna wakati mtihani wenyewe ulikuwa na karatasi mbadala ya vitendo, mtahiniwa akifanya jaribio kwa kalamu. Waliofaulu karatasi hiyo na kuwa walimu wanatarajiwa wafundishe nini, kama si kalamu?

Najua utanijibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba kuna MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na mafunzo sasa yanafanyika shuleni ndani ya jumuiya za ujifunzaji. Nakubali, na hapa kejeli naiweka kando kwa sentensi mbili. Wazo ni zuri: walimu wa somo moja wanakaa, wanaandaa kipindi pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama. Wajapani wamefanya hivyo kwa zaidi ya karne. Ila jumuiya inahitaji watu, na shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia ina jumuiya ya mtu mmoja: anafungua kikao, anasoma muhtasari uliopita, anajipongeza kwa mchango mzuri, anafunga kwa sala na kusaini mahudhurio. Vishikwambi vilivyomaliza kuhesabu watu katika Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, navyo vinasaidia kusoma mada, lakini hakuna kishikwambi kinachoweza kumwona mwalimu anavyosoma bureti kutoka juu.

Utasema pia kwamba walimu wafarague, watumie vifaa vya mazingira. Sawa. Choya inageuka nyekundu kwenye maji ya ndimu na kuelekea kijani kwenye maji ya majivu, na somo la asidi na besi likafana. Lakini choya haitakupa mkolezo wa kitu chochote, na kufaragua vizuri ni ustadi wa aliyebobea. Kumdai ustadi huo mwalimu asiyewahi kugusa bureti ni kumwambia asiyejua kupika atengeneze pilau bila viungo. Kuhusu hoja kwamba walimu wanafuata posho, sibishi. Naomba tu orodha ya wanaolipwa katika ngazi tatu za juu isomwe pamoja na ya chini, kwa sababu posho ndiyo myeyusho pekee ambao huzimuliwa kadiri unavyoshuka na hakuna anayekana.

Basi fedha za ngazi mbili ziondolewe kwenye ukumbi na zimlipie mwalimu mmoja mzoefu wa sayansi kwa kila kundi la shule jirani, apunguziwe vipindi, apewe nauli, kazi yake iwe kwenda kusimama pembeni ya meza ya mwenzake, wiki baada ya wiki. Mwalimu wa fizikia aliye peke yake apewe nauli hiyohiyo kwenda shule ya pili, jumuiya yake ifike watu wawili. Na kama semina ni lazima iendelee, ifunguliwe katika maabara ya shule ya kata, mgeni rasmi akianza na bureti badala ya hotuba. Rangi ikiwa ya chungwa, alipwe posho yote; ikiwa nyekundu, arudie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi

Nakala:
Ofisi ya Rais – TAMISEMI
Jumuiya ya Ujifunzaji ya Fizikia (mwanachama aliyepo)
Fundi sanifu wa maabara (atakapoajiriwa)