Mpaka Usiojua Muhuri

Hapa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, neno la mtu halivushi hata gunia la unga. Lori la shaba hukaa foleni hadi kila karatasi ipate muhuri, na muhuri nao upate wa kuuthibitisha. Kumbe intaneti inavuka mpaka uleule zaidi kwa kuaminiana.

Kuaminiana huko kunaitwa BGP, lugha ambayo ruta za mitandao huelekezana njia. Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kufutia mikono, wakiwa mezani kwa chakula; ni wazi hawakuwahi kupita kwetu. Ruta ikisema, "Anwani hizi zipitie kwangu," mara nyingi jirani hukubali, kisha humpasha na jirani yake. Februari 2008 Pakistan ilitaka kuwafungia raia wake YouTube. Tangazo la njia ya uongo, la kuwazuia, likavuja nje, na YouTube ikapotea duniani kwa karibu saa mbili. Hakuna aliyeuliza kitambulisho.

Patro wangu, wakala wa forodha, alitaka laini mbili za intaneti, ya Lubumbashi na ya Zambia, ikikatika hii ashike ile. Tukamwomba fundi wa upande wa Zambia atutumie njia moja tu, ile ya jumla. Akatutumia za dunia nzima, zaidi ya laki tisa. Karuta ketu kakazimeza, kakajaa, kakazima. Kakiamka, kanalishwa tena. Laini ya Lubumbashi nayo, kwa mtindo wa ruta za Cisco, ikavumilia kimya cha sekunde 180, kisha ikatuhesabu marehemu. Hapa lori hukaa siku kadhaa na hakuna anayeliwekea matanga.

"Mutoto, kuko nini?" Patro akauliza. Nikamweleza. "Huyu wa kule anaingiza mizigo laki tisa bila deklarasyo, na mashini inapokea?"

Nikaweka kichujio: orodha ya njia zinazoruhusiwa kuingia, na ya zile tunazoruhusiwa kutangaza sisi. Bila hiyo ya pili tungeweza kuiambia Lubumbashi kwamba njia ya kwenda duniani inapita chumbani kwetu, penye feni moja, na huenda ingetuamini. Kisichomo kwenye orodha kinarudishwa. Hakuna kubembeleza, hakuna chai wala matabishi.

Patro akaitazama ruta kwa muda.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Papa."

Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi huyo hatadumu hapa."