Sumaku ya Kuokoa Dunia

Bingwa wetu wa kijiweni kapata dawa ya tabianchi: sumaku kubwa kama uwanja wa mpira, ivute hewa ukaa yote itue chini, izolewe kwa koleo. Kumbe wanasayansi miaka yote hiyo walipungukiwa sumaku tu! Kikwazo ni kidogo: hewa ukaa haivutwi na sumaku. Inayovutwa, tena kidogo, ni oksijeni. Mtambo ukifanya kazi sawasawa, utatukusanyia pumzi zetu na kuiacha hewa ukaa ikitamba.

Hakutetereka. Kaja na leza ya kupasua molekuli, kaboni huku, oksijeni kule. Haya. Ila katika kila molekuli milioni moja za hewa, za hewa ukaa ni kama 420 tu. Leza itabidi ipige hodi ikiuliza majina. Na kuzipasua kunadai nishati isiyopungua ile tuliyoivuna tulipochoma makaa, maana fizikia haikopeshi.

Umeme utatoka wapi? "Jenereta," kajibu, bila kupepesa macho. La dizeli, bila shaka. Sasa anatafuta mfadhili, wa mafuta kwa kuanzia.