Wiki Mbili Tu: Mwongozo kwa Mwenye Huruma na Mbwa Koko

Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajachelewa. Umemwona mbwa chini ya meza ya muuza chipsi Sinza, mbavu nje, kupe wamejipanga masikioni kama zabibu, naye amekutazama. Maliza chipsi zako uondoke. Kama umeshamtupia kipande cha nyama, soma mpaka mwisho, maana huyo tayari ni wako.

Mgeni wa shughuli hii hudhani kazi ni kumpata mtu wa kumchukua mbwa moja kwa moja. Kabla ya huyo yupo mlezi wa muda, atakayekaa naye wakati anapewa dawa ya minyoo, anaogeshwa dawa ya kupe na kuota manyoya upya. Mlezi wa muda hupatikana kwa maneno matatu: wiki mbili tu. Yatamke ukiwa umeangalia pembeni. Kama ni mtoto wa mbwa, chanjo ya parvo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifika miezi 3. Mlezi anayejua hesabu usimtafute. Tafuta mwenye ukuta mrefu. Mwambie pia asimpe mbwa jina. Atampa. Atamwita Simba, na siku ukienda kumchukua, ukiita Simba getini watatoka watatu.

Sasa wale wanaojitokeza kuchukua. Mwogope anayeanza kwa kusema anawapenda sana mbwa. Swali lake la pili litakuwa mbwa ni wa aina gani, na hapo utashawishika kusema ana damu ya Kijerumani kwa upande wa baba. Usiseme. Mbwa wako ana rangi ya mchanga, mkia uliopinda na masikio yasiyokubaliana, na akifika mwaka mmoja bila kugeuka mbwa wa polisi utarudishiwa. Mimi namwamini zaidi mtu anayesema wazi kwamba wezi wamemwingilia mara mbili na anataka kitu cha kubweka. Huyo anajua anachotaka, na kubweka ndiyo kazi ambayo koko hahitaji kufundishwa.

Ila omba kuona banda, na uende saa saba mchana. Kuna imani iliyoenea mjini kwamba mbwa akifungiwa kutwa kwenye kibanda cha bati na kufunguliwa usiku tu atakuwa mkali. Mwenye imani hiyo akiambiwa akae humo nusu saa, naye atakuwa mkali. Kama hapo hakuna kivuli wala sufuria ya maji, sema umesahau simu kwenye bajaji, uondoke na mbwa wako.

Uliza pia nyumba ni ya nani. Mpangaji atakuapia kwamba mwenye nyumba hana neno, na ni kweli hana neno, mpaka siku ya kulipa kodi ya miezi sita ijayo.

Kosa kubwa la wasio na uzoefu ni kumhoji bosi. Bosi anatia sahihi karatasi ya kumchukua mbwa, anapiga picha, anaituma kwa dada yake, kisha anakwenda kazini. Anayepika dona na dagaa za mbwa ni mlinzi. Anayejua mbwa hakula jana ni mlinzi. Usiku wa mvua, anayegawana naye kona kavu ya kibanda cha getini ni mlinzi. Kwa hiyo ukishamaliza juisi ya bosi, toka nje ukamsalimie mwenye nyumba wa kweli.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu anakula nini?”

Mkabidhi hapohapo. Bosi alikuwa ameuliza kama anang'ata. Mzee akikuuliza mbwa anakula nini, amekwisha kuanza kumhesabia. Lakini chunguza kama ameajiriwa na nyumba au ni wa kampuni ya ulinzi inayobadilisha watu kila mwezi, kwa sababu mlinzi akiondoka, mbwa hubaki na karatasi yenye sahihi ya bosi.

Majirani nao wasisahauliwe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hapohapo, kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa. Basi usifungue mjadala ambao masheikh walishaumaliza, na usimwachie mbwa mwenye furaha mbele ya jirani aliyevaa kanzu akienda kuswali magharibi. Mwenye shamba Mkuranga, anayeamka kukuta nguruwe pori wamefukua mihogo, hahitaji hotuba yako kabisa.

Atakayeuliza kama mbwa ana kichaa usimcheke. Karibu visa vyote vya watu kupata ugonjwa huo, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mpe cheti cha chanjo. Mwambie akiumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Wageni wa Masaki ni walezi wazuri mno, na ndiyo hatari yao. Mbwa atalala kwenye kochi mpaka mkataba wao wa kazi uishe. Kumpeleka Ulaya kutoka hapa kunataka chipu, chanjo ya kichaa, damu inayopimwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, halafu miezi 3 ya kusubiri. Anayekumbuka haya wiki ya sherehe ya kuagwa anakurudishia mbwa pamoja na godoro lake, barua ndefu na machozi, na mbwa mwenyewe haelewi ukimwambia “toka”.

Limebaki swali ambalo kila mtu huuliza: dume au jike? Majike hukataliwa, ndiyo maana wamejaa barabarani. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na mwaka mmoja unatosha kuzaa mara mbili. Usimtoe jike kabla hajafungwa kizazi, hata kwa mtu wa kanisani kwenu anayeahidi kumpeleka kwa daktari mwisho wa mwezi. Akishafanyiwa upasuaji hakuna foleni ya madume getini, na hoja ya wanaokataa majike imekwisha.

Baada ya mbwa wawili watatu utakuwa umepata jina mtaani. Alfajiri moja bodaboda atasimama kwako na boksi la maji lililotobolewa matundu, ndani watoto sita. Atakuambia wote ni madume. Inua mikia kabla hajawasha pikipiki.